Tohara ya mtoto wa kiume: dini, daktari na mahakama

Mimi nilitahiriwa nyumbani nikiwa na miaka saba. Ngariba alikuja na kijibegi chake, mjomba akanishika, ganzi haikuwako. Jioni nilivalishwa kikoi nikaletewa zawadi. Hakuna aliyefikiri kwamba jambo lile lina mjadala.

Mjadala upo, na yafaa tuujue. Kwetu tunaofuata madhehebu ya Shafi, tohara ni wajibu. Hanafi na Maliki wengi huihesabu sunna. Wote huitaja katika mambo ya fitra, pamoja na kukata kucha na kupunguza masharubu.

Madaktari waliingia kwa mlango mwingine. Majaribio matatu, Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu hapa kwetu na Rakai Uganda, yalionyesha kuwa hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke hupungua kwa takriban asilimia 60 akitahiriwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tohara kwa nchi zenye maambukizi mengi, na mwaka uliofuata Kenya ikaanza kampeni, hasa Nyanza. Lakini 60 si 100. Kijana anayedhani amechanjwa, akaanza kuzurura, amejidanganya.

Hoja ngumu ni ya ridhaa: mtoto hakuulizwa. Mwaka 2012 mahakama ya Cologne, Ujerumani, ilisema kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini ni kumjeruhi. Kesi ilihusu mtoto wa Kiislamu wa miaka minne aliyetokwa damu baada ya kutahiriwa. Daktari mwenyewe aliachiliwa. Waislamu na Mayahudi walilalamika pamoja (si kila siku utaona hayo), na Desemba bunge likapitisha sheria ya kuwaruhusu wazazi, mradi kazi ifanywe kitabibu.

Hukumu ile siikubali. Mzazi humwamulia mwanawe mengi. Lakini nina mpwa aliyetoka damu usiku kucha, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mamake kama ukoo una maradhi ya damu kutoganda. Nikimkumbuka, siwezi kusema wapinzani hawana neno.

Mwanangu nilimpeleka kwa daktari, likizo ya Aprili. Kabla ya hapo tulikaa barazani nikamweleza kitakachofanywa. Akauliza mawili: kama itauma, na kama atacheza mpira Jumamosi ile. Nikamwambia kidogo, na hapana.