Deni la Nywele

Mfamasia alisoma cheti cha daktari wa ngozi, akanitazama paji la uso, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Nyumbani kwako kuna mjamzito?"

Nikamwambia naishi kwa dada yangu, na ana mimba ya miezi sita.

"Basi usivivunje vidonge hivi. Na kikivunjika, asikiguse."

Nina miaka 26, nasoma shahada ya uzamili ya historia. Nywele zilianza kurudi nyuma nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Siku hizi kinyozi wangu akifika mbele hupunguza mwendo kama dereva aliyeona tuta. Marafiki wananiita Kipara Ngoto, nami hucheka nao. Usiku ule sikucheka. Kidonge cha kunusuru nywele zangu kinamhusu nini mtoto ambaye hajazaliwa? Nikaweka kichupa juu ya kabati, nikafungua kompyuta.

Upara umetafutiwa dawa tangu kale. Mafunjo ya Ebers ya Misri, ya mnamo mwaka 1550 KK, yanaelekeza mtu ajipake mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka na nyoka. Wagiriki walitazama kwa makini zaidi: katika maandiko yanayohusishwa na Hippocrates imeelezwa kwamba matowashi hawaoti vipara. Zaidi ya miaka 2,000 ikapita kabla ya neno hilo kupata maelezo ya kisayansi.

Mwaka 1942, mwanaanatomia wa Marekani, James Hamilton, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliohasiwa na wengine ambao miili yao haikubalehe. Aliona kwamba waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara. Walipopewa testosteroni, wale ambao kwao kuna upara walianza kupoteza nywele. Ambao kwao hakuna, walibaki nazo. Homoni iliposimamishwa, upara nao ulisimama, ila nywele zilizokwenda hazikurudi. Ndipo ikaeleweka: upara hauletwi na kofia wala mawazo mengi. Unataka homoni, urithi na umri vikutane.

Ni ugunduzi mzuri, lakini mwanafunzi wa historia hufundishwa kuuliza chanzo kimetoka wapi. Marekani ya karne ya 20 iliwapataje wanaume waliohasiwa? Wapo waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya maradhi. Wengine walihasiwa kwa idhini ya sheria. Mwaka 1969 Hamilton na mwenzake Gordon Mestler walichapisha utafiti mwingine, huu ukihusu urefu wa maisha, uliojumuisha wanaume 297 waliohasiwa katika taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili huko Kansas. Ulikuwa wakati ambao majimbo mengi ya Marekani yalikuwa yamejipa haki ya kuamua nani azae na nani asizae. Watu wale hawakwenda kwa daktari kutafuta nywele. Walifanyiwa uamuzi, na baadaye wakawa takwimu.

Hamilton alikuwa amefika mlangoni. Ufunguo ulitoka kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Huko baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa na viungo vya uzazi vilivyofanana na vya kike, wakalelewa kama wasichana, kisha walipobalehe miili yao ikageuka ya kiume. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza sababu katika jarida la Science: watoto wale walirithi upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni. Tumboni, homoni hiyo ndiyo inayokamilisha viungo vya nje vya mtoto wa kiume. Ukubwani, ndiyo inayokuza tezi dume, na kwa wenye urithi wa upara hudhoofisha mashina ya nywele: kila unywele mpya unaota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka unabaki kama vumbi.

Vijana wa Salinas walipokua, tezi dume zao zilibaki ndogo, na nywele zao za mbele hazikurudi nyuma.

Habari hizo zilimfikia Roy Vagelos, aliyeongoza utafiti katika kampuni ya dawa ya Merck. Hoja yake ilikuwa rahisi: ikipatikana dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, itamfaa mzee aliyevimba tezi dume. Ikapatikana finasteridi. Mwaka 1992 iliidhinishwa Marekani kwa tezi dume, kidonge cha miligramu 5. Mwaka 1997 ikaidhinishwa kwa upara, miligramu 1. Hupunguza upoteaji wa nywele kwa wengi, baadhi hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, na ukiiacha, ulichovuna kinapotea ndani ya mwaka mmoja hivi.

Hapo nikamwelewa mfamasia. Kidonge changu kinafanya kwa makusudi kile ambacho maumbile yalifanya Salinas. Kikipenya kwenye mwili wa mama mwenye mimba ya mtoto wa kiume, kinaweza kumfikia mtoto.

Asubuhi nilimsimulia dada. Alisikiliza huku akimenya viazi, mkono mmoja ukienda tumboni kila mara. Nilipomaliza akauliza, "Na hao watoto, walipoitwa kupimwa, mwenzao mmoja alikuwa anatafuta nywele?"

"Hapana, dada."

Akarudi kwenye viazi. Nilipanda kwenye kiti, nikachukua kidonge kimoja kizima, nikakimeza kwa maji. Kisha nikakisukuma kichupa nyuma kabisa ya kabati, mahali ambapo mkono wake haufiki.