Pasipalamu ya Awindiri

Nyumba tuliyopanga Awindiri ilikuwa na majani mbele. Si majani ya kula, wala ya ng'ombe. Ni pasipalamu, ile nyasi fupi nene ambayo Uganda nzima inaitwa hivyo, na kila nyumba inayotaka heshima lazima iwe nayo. Mama mdogo alikuwa amefika kutoka Aru, mbegu zake zimefungwa kwenye kona ya kitenge. Aliitazama ile kompaundi kwa muda, halafu akaniuliza, "Sasa hii inakuliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kuuliza wazee wa mtaa, na kusoma kidogo, na hiki ndicho nilichopata.

Zamani, kwa Walugbara na Wakakwa, kama kwetu upande wa Kongo, mbele ya nyumba palikuwa udongo mtupu uliofagiwa kila asubuhi. Nyoka akipita anaonekana. Mtama na simsim vinaanikwa hapo, mgeni anakalishwa hapo, na mara nyingi makaburi ya wakubwa wa nyumba yako hapo hapo. Mboga zilikuwa nyuma, karibu na jiko. Mtu aliyeacha majani yaote mlangoni alisemwa kuwa mvivu, au amefiwa na hana nguvu.

Majani ya kukatwa yalikuja na boma. Sehemu hii ilikuwa ndani ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipokufa mwaka 1909. Ikaenda Sudan, na mwaka 1914 West Nile ikaingizwa Uganda. DC wa kwanza, A. E. Weatherhead, aliweka kituo chake Arua. Na boma la Mwingereza popote lilikuwa na sura ile ile: bendera, jela, nyumba ya mkubwa, na nyasi iliyonyolewa kama kichwa cha askari. Huko kwao nyasi hiyo ilikuwa alama ya tajiri. Maana yake, mimi nina ardhi nyingi hadi naweza kuacha nyingine bila kulima, tena nalipa watu waikate. Mashine ya kukatia ilitengenezwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, na baada ya hapo hata watu wa kawaida kule wakaanza kuiga matajiri.

Hapa hakukuwa na haja ya mashine. Walikuwepo wafungwa. Wazee wa Arua wanaeleza kwamba jina la mji lenyewe linatokana na neno la Kilugbara la jela, yaani "ndani ya jela". Katika vituo vya serikali ya kikoloni kazi ya kufyeka ilikuwa ya wafungwa, na mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa angeweza kujikuta miongoni mwao. Ndiyo sababu wanaume wengi wa West Nile walitembea mpaka mashamba ya miwa ya Busoga na Buganda kutafuta pesa ya kodi. Mashamba yao wenyewe nyumbani waliwaachia wanawake. Nikitazama pasipalamu leo, naona hilo kwanza, kabla sijaona uzuri wake. Na uzuri upo, sikatai.

Baada ya uhuru slasha haikurudi Uingereza. Ilibaki shuleni. Mtoto akichelewa, anafyeka; akiongea lugha ya mama darasani, anafyeka. Kizazi kizima kimejifunza kwamba majani mafupi ni adabu.

Halafu ikaja 1979. Amin alianguka, na watu wa West Nile wakavuka mpaka, wengine kwenda Sudan, wengine Zaire, kwetu. Ndugu zangu wa kambini, tusisahau hili tunapoitwa wageni: wenyeji hawa walilala kwenye mapande ya plastiki kabla yetu. Jirani yetu, mzee sana, aliniambia aliporudi miaka ya themanini alikuta kompaundi yake imekuwa pori, na mgagani umejiotea mlangoni. Familia ilikula huo mgagani wiki nzima, maana hakukuwa na kingine. Kisha, hali ilipotulia, akaung'oa na kupanda tena pasipalamu. Nilimuuliza kwa nini. Akacheka, "Kijana, tulitaka ionekane tumerudi kweli."

Sisi tulikuja na jembe na panga pia, tuseme ukweli. Bidi Bidi ilifunguliwa 2016, Imvepi 2017, na miti mikubwa ikageuka kuni na nguzo za nyumba. Mishea ilikatwa, mti ule ambao mafuta yake Waacholi wanayaita moo yaa, na ambao unaweza kukaa miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa. Wenyeji walikasirika, walikuwa na haki. Lakini pia nimeona ofisi moja, sitaitaja, ikimwagilia nyasi yake mwezi wa pili, katikati ya kiangazi, wakati jerikeni zetu zimepanga foleni nje ya geti. Wanaofanya kazi humo na mnaosoma hapa, siwagombezi. Nauliza tu swali la mama mdogo.

Kwetu kazi ilianza Desemba. Kung'oa pasipalamu siyo mchezo, kipande cha mzizi kikibaki kinaota. Tulikata mapande na jembe, tukayageuza mizizi juu, jua likayamaliza mpaka Machi. Juu yake tukatandika maboksi na maganda ya karanga. Mvua ya kwanza, mama mdogo akafungua kile kitenge: mgagani, mlenda, bamia, ngaingai. Jirani kutoka Yei alipoona mlenda akapiga kelele, "Kudra!" na tangu siku hiyo anakuja na chumvi yake. Mama mdogo alitaka na muhogo wa sombe. Nikamwambia muhogo siyo wa asili, uliletwa na Wareno kutoka Amerika, hata hiyo pasipalamu imetoka Amerika ya Kusini. Akaniangalia. "Na wewe umetoka wapi?" Muhogo ukapandwa.

Shida ilikuwa mti. Nilikuwa na mche wa mkwaju, na mwenye nyumba akakataa kabisa. Mboga sawa, alisema, mboga zinakufa. Lakini hapa kwetu anayepanda mti anaweza kesho kusema ardhi ni yake. Hofu hiyo siyo ya kijinga. Kambini pia kesi kati ya wenyeji na wakimbizi zimeanza na miche. Tukaenda kwa mwenyekiti wa LC1, tukaandika karatasi: mti ni wa mwenye nyumba, matunda ni ya anayeishi ndani wakati huo. Tukatia sahihi watatu. Akashika mche yeye mwenyewe, akaushindilia udongo kwa kisigino.

Alitaka kitu kimoja tu, kipande cha pasipalamu kibaki karibu na geti ili wapita njia waone. Kipo mpaka leo, nakifyeka mimi. Mwezi uliopita alikuja kuchukua kodi, akaondoka nayo pamoja na fungu la mlenda kwenye kaveera, bila kuomba.