Kauboi wa kike katika picha za ukutani

Picha za warembo za kubandikwa ukutani zilishamiri nchini Marekani baina ya miaka ya 1930 na 1950. Mojawapo ya sura zilizopendwa mno ni ya kauboi wa kike: kofia pana, buti, bastola kiunoni, na kaptura fupi isiyoweza kumkinga mpanda farasi yeyote dhidi ya miiba wala jua.

Kampuni ya Brown & Bigelow, iliyoasisiwa mwaka wa 1896 mjini St. Paul, Minnesota, ilichapa kalenda za aina hiyo ambazo wafanyabiashara waliwagawia wateja wao. Mchoraji wake mashuhuri, Gil Elvgren (1914-1980), alimpiga mwanamitindo picha studioni kwanza, kisha akamchora kwa rangi za mafuta huku akimrefusha miguu na kumpunguza kiuno. Warembo wake aghalabu hufumaniwa na mkasa mdogo, sketi imenaswa au upepo umeipeperusha, nao huonyesha mshangao.

Si wanaume pekee waliochora. Zoë Mozert (1907-1993) mara nyingi alijitazama kiooni na kujichora mwenyewe. Ndiye aliyemchora Jane Russell kwa tangazo la The Outlaw, filamu ya Howard Hughes ya mwaka wa 1943, iliyozua mzozo na wakaguzi kwa jinsi ilivyokionyesha kifua cha mwigizaji huyo.

Wanawake halisi wa nyanda hizo walikuwa na sura tofauti kabisa. Annie Oakley (1860-1926) alitia fora kwa shabaha katika maonyesho ya Buffalo Bill, akiwa amevaa sketi iliyopita magoti. Lucille Mulhall wa Oklahoma alishindana na wanaume kuwanasa ng'ombe kwa kamba.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1929. Bonnie McCarroll aliangushwa na farasi katika mashindano ya Pendleton, Oregon, akafariki siku chache baadaye. Wanawake wakazuiwa kupanda farasi wakali huko, na nafasi zao katika mashindano mengine zikazidi kufifia. Wanaume pia walikuwa wakifa katika mchezo huo, lakini hakuna aliyewafungia nje. Basi kauboi wa kike akatamba kwenye kalenda wakati ule ule alipokuwa akisukumwa nje ya uwanja.

Mwaka wa 1948, wanawake 38 walikutana San Angelo, Texas, wakaunda chama chao cha rodeo, ambacho kingali kinaandaa mashindano hadi leo.