Nani Aliweka Mpaka wa MB 16?

Fungua msimbo wa draiva kongwe za Linux, hukawii kukutana na GFP_DMA. Draiva inaomba kumbukumbu, ila haitaki yoyote tu. Inataka iliyo ndani ya MB 16 za mwanzo. Hata mashine iwe na GB 32. Mafundi wana jibu tayari: chipu ya DMA, 8237, iliyopitisha data kati ya kifaa na kumbukumbu bila kuisumbua prosesa, haikufika mbali zaidi. Jibu jepesi mno. Chipu yenyewe inasemaje?

Inakana. Waraka wake wa kiufundi unaonyesha rejista za anwani za biti 16, yaani KB 64 basi. Haikaribii hata MB 1. Ilibuniwa enzi za prosesa za biti 8, ambazo kumbukumbu yao yote iliishia hapohapo. Sasa PC ya 1981, yenye anwani za biti 20, iliitumiaje?

Kwa kiraka. Pembeni yake iliwekwa rejista ya ukurasa, ikashika biti 4 za juu. Lakini kiraka hakihesabu. Data ikigonga mwisho wa KB 64, chipu inarudi sifuri na ukurasa haubadiliki; baiti inayofuata inaangukia mwanzoni mwa ukurasa uleule, juu ya vitu vya wengine. Ndiyo maana BIOS ina kosa la diski namba 09h: DMA kuvuka mpaka wa KB 64. Haikutosha bafa, yaani eneo la muda la kuwekea data, kuwa pale chipu inapofika; ilipaswa pia isikatizwe na mpaka huo. Hata hivyo, kurasa 16 za KB 64 ni MB 1 tu. Hizo MB 16 zilitoka wapi?

Kwenye PC ya aina ya AT, ya 1984. Rejista ya ukurasa ilipanuliwa: biti 8 juu, 16 chini, jumla 24. Na prosesa yake, 80286, ilikuwa na nyaya 24 za anwani. Hapo ndipo lawama ya kutoona mbali inapolegea, maana DMA ilifika kila ilipofika prosesa. Iliyokwenda mbali zaidi ni 80386 ya 1985, kwa anwani za biti 32. Kadi za ISA, yaani za nafasi za upanuzi za AT hiyo, zikabaki na nyaya zao 24. Data ya kupelekwa juu ya mpaka ingefikaje?

Kama mzigo wa meli isiyoweza kutia gati: kwa mashua. Draiva inatenga bafa chini ya MB 16, kifaa kinashusha hapo, prosesa inanakili hadi panapotakiwa. Kazi mara mbili, na polepole. Linux ikalitenga eneo hilo kwa jina ZONE_DMA, programu za kawaida zisije zikalimaliza. Mwaka 2021, toleo 5.13 liliondoa unakili huo wa ISA kwenye tabaka la diski. Kesi imefungwa?

Bado. Ziko kadi za sauti za PCI, mrithi wa ISA, ambazo draiva zake hutangaza biti 24, 28 au 30 tu, ilhali PCI iliruhusu 32. Hizo hazikufungwa na kiraka cha 1984. Na kwingine GFP_DMA imekaa bila hata mstari mmoja wa maelezo. Ni ipi inayohitajiwa na kifaa, na ipi ilinakiliwa tu kutoka draiva ya jirani?