Safari ya fotokopi hadi kwenye saraka ya ofisi

Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walitumia bamba la zinki lililopakwa salfa, umeme tuli na unga mkavu kunakili maandishi mafupi: "10-22-38 ASTORIA". Mwaka 1959 ugunduzi huo ukaingia maofisini kama Xerox 914. Mashine hiyo haikuhitaji kumjua mtu. Unaweka karatasi, unabonyeza, kopi inatoka.

Fotokopi ya leo inaskani mkataba na kuutuma kwa barua pepe. Andika herufi chache za jina la mhasibu kwenye kioo chake, anwani yake inajitokeza. Anwani hiyo haitoki tumboni mwa mashine. Imeulizwa kwenye saraka, yaani daftari la majina na ruhusa linalotunzwa kwenye seva.

Waliotangulia kujenga saraka za mtandao ni pamoja na kampuni ya Xerox wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kituo chao cha utafiti huko Palo Alto, California, Andrew Birrell na wenzake walikuwa na Grapevine, mfumo uliosafirisha barua na kutunza majina ya watumiaji kwenye seva kadhaa, ili moja ikizimika kazi isisimame. Ukafuata Clearinghouse, ambamo hata printa ziliandikishwa majina.

Kiwango cha kimataifa, X.500, kilitoka 1988, nacho kilizielemea kompyuta ndogo za wakati ule. Dawa ilipatikana Chuo Kikuu cha Michigan, alikokuwa Tim Howes. Julai 1993 yeye, Wengyik Yeong na Steve Kille walichapisha maelezo ya LDAP, njia ya kuiuliza saraka maswali mafupi bila kubeba mzigo wote wa X.500. Kazi hiyo hata fotokopi iliimudu. Microsoft ilipotoa Active Directory pamoja na Windows 2000, nayo ikitumia LDAP, ofisi nyingi zikapata saraka ya kuulizwa.

Fundi anayeiunganisha mashine hujaza anwani ya seva, poti 389, tawi la saraka la kutafutia, kisha akaunti na nywila. Hapo kwenye nywila ndipo penye hatari. Bila usimbaji, inapita mtandaoni ikiwa wazi. Tena, mtu akiufungua ukurasa wa mipangilio, anaweza kubadilisha anwani ya seva ielekee kwenye kompyuta yake, na fotokopi ikamkabidhi nywila hiyo. Kama ni ya msimamizi mkuu, amekabidhiwa ofisi nzima. Kuiweka humo ni uzembe usio na utetezi.

Enyi mafundi, ipeni fotokopi akaunti yake yenyewe, isiyoweza zaidi ya kusoma majina. Tumieni LDAP iliyosimbwa, kwa kawaida poti 636, na badilisheni nywila ya kiwandani ya ukurasa wa mipangilio kabla mashine haijaanza kazi.