Dakika 20 za Martin Luther King

Wasee, wiki yangu ya kwanza kazini bosi aliniambia, "Kesho wewe ndiye utawasilisha hii ripoti." Kesho yake, robo saa kabla ya mkutano, nilikuwa nimejifungia msalani nikitunga uongo wa tumbo kuuma. Kichwani kulikuwa na swali moja tu: nani alikosea akanipa hii kazi?

Hapo ndipo nilimkumbuka King. Si yule wa sanamu na hotuba kubwa ya Washington. Namaanisha yule kijana wa miaka 26, pasta wa kanisa dogo la Dexter Avenue Baptist pale Montgomery, Alabama, mwenye mtoto mchanga nyumbani. Wiki chache nyuma alikuwa amekataa uongozi wa chama cha kutetea haki za watu weusi mjini kwao. Alisema anataka kutulia na kazi ya kanisa.

Desemba 1, 1955, Rosa Parks akakamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Desemba 5, watu weusi wa Montgomery wakasusia mabasi. Mchana huo viongozi wakakutana, wakaunda chama kipya, na King akajikuta amechaguliwa mwenyekiti. Baadaye aliandika kwamba mambo yalienda mbio sana. Angepata muda wa kufikiria, pengine angekataa.

Sasa sikia hii. Jioni hiyohiyo alitakiwa kuhutubia maelfu ya watu katika kanisa la Holt Street. Alifika nyumbani akiwa na dakika kama 20 tu za kujiandaa. Huyu ni mtu ambaye mahubiri ya Jumapili moja alikuwa anayaandaa kwa si chini ya saa 15! Na alikuwa amepata PhD mwaka huohuo, lakini manze, karatasi haikumsaidia. Alikiri mwenyewe kwamba alijiona hatoshi kabisa, na dakika 5 kati ya zile 20 zikaisha akiwa na wasiwasi tu. Ndipo akaomba. Akachora muhtasari kichwani, akatoka. Alihutubia bila karatasi, na watu wakakubali kuendelea na mgomo.

Ungedhani shaka iliisha hapo. Wapi! Usiku wa Januari 27, 1956, simu ya vitisho ililia akiwa karibu kusinzia. Hakuweza kulala tena. Akaenda jikoni, akatengeneza kahawa, akaanza kupanga jinsi ya kujiondoa bila kuonekana mwoga. Mwishowe akainamisha kichwa mezani akaomba kwa sauti, akimwambia Mungu wazi kwamba nguvu zimemwisha. Alisema alihisi Mungu yuko karibu naye kuliko wakati mwingine wowote, na hofu ikaanza kumtoka.

Siku tatu baadaye nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu. Mkewe Coretta na mtoto walikuwa ndani, wakanusurika. Umati wenye hasira ukakusanyika nje, wengine na silaha. King akasimama mbele yao akawaomba warudi nyumbani kwa amani. Mgomo uliendelea kwa siku 381, hadi mahakama ikaondoa ubaguzi kwenye mabasi hayo.

Kitu kinachonigusa ni hiki. Tunapenda kudhani imani inakuja kwanza, inafuta woga, halafu sasa ndiyo unaanza kazi. Kwa King haikuwa hivyo. Aliomba akiwa bado anatetemeka, akaenda hivyohivyo, na wiki chache baadaye akalazimika kuomba tena. Kukiri kwamba hatoshi hakukuwa ukosefu wa imani. Ndiyo yalikuwa maombi yenyewe.

Mimi sikuwa nahutubia maelfu, najua. Nilikuwa na watu 12 na ripoti ya kurasa 9. Lakini niliacha ile hadithi ya tumbo, nikaomba kwa sentensi moja: "Baba, mimi siwezi, twende." Nikanawa uso, nikaingia. Ukurasa wa kwanza sauti ilitetemeka. Swali moja sikuwa na jibu, nikasema nitaangalia nirudi na jibu. Hakuna aliyecheka.

Mwezi ujao nawasilisha tena. Shaka itakuja, naijua. Nitaomba, halafu nitaingia nayo.