Mfumo Uliokuwa Mfukoni

Mtu anayewasha Macintosh ya zamani kwa diski ya nje, ili airudishe kwenye mfumo wake wa awali, huonekana siku hizi kama anapenya dirishani. Ukifuatilia historia ya mashine hizo utaona kwamba dirisha hilo lilikuwa mlango mkuu. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, haikuwa na diski yoyote ya kudumu tumboni. Ilikuwa na kumbukumbu ya KB 128, na mfumo wake ulikaa kwenye flopi ya KB 400. Ukiiwasha bila flopi, ilikuonyesha picha ya flopi yenye alama ya kuuliza inayowaka na kuzima, ikangoja. Kuchagua mfumo kulikuwa kuchagua flopi ya kuchomeka, na aliyetaka toleo la mwaka jana aliitoa sandukuni. Macintosh Plus ya mwaka 1986 ikaongeza tundu la SCSI, na diski ya nje ikaweza kuiwasha. Diski ya ndani, iliyoanza kuzoeleka na Macintosh SE mwaka 1987, ndiyo iliyokuja baadaye kama mgeni, ikaishia kumiliki nyumba.

Haja ya kurudi nyuma iliwashika wengi Julai 2011, Apple ilipotoa Lion. Mfumo huo uliiacha Rosetta, programu iliyokuwa ikiziwezesha mashine za Intel kuendesha programu zilizoandikwa kwa chipu za PowerPC. Kwa hiyo mtu aliyepanda kutoka Snow Leopard, mfumo uliotangulia, aliamka akakuta AppleWorks haifunguki, wala Office 2004, na nyaraka za miaka mingi zimekwama humo. Kisakinishi cha mfumo wa zamani hukataa kukaa juu ya mfumo mpya. Na huwezi kung'oa sakafu huku umeisimamia: lazima mashine iwake kutoka kwingine, kwa DVD au diski ya nje, ukiwa umebonyeza kitufe cha Option ili uchague, kisha diski ya ndani ifutwe na kusakinishwa upya. Kikwazo cha kweli cha kiufundi kilikuwa kimoja. Mashine kwa kawaida haiwaki kwa mfumo uliotangulia ule iliozaliwa nao, maana mfumo huo haujui vipuri vyake. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Vikwazo vilivyofuata ni vya namna nyingine. Oktoba 2019 visakinishi vingi vilivyokuwa vimehifadhiwa viligoma, vikidai vimeharibika. Havikuwa vimeharibika hata chembe. Kilichokwisha muda ni cheti cha saini yake, na watu wakagundua kwamba kuirudisha nyuma saa ya kompyuta kunatosha kuvifufua. (Sijui ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba ugonjwa haukuwa kwenye mashine.) Chipu ya usalama ya T2 ilikwishakuja, ikazuia kuwasha kwa diski ya nje mpaka mwenye mashine aruhusu kwa nywila. Kwa mashine za chipu za Apple zenyewe, kuanzia 2020, ruhusa hiyo huhifadhiwa ndani. Hifadhi ya ndani ikifa, diski ya nje haiokoi kitu.

Watetezi wa kufuli hizi wana hoja. Zamani aliyeiba kompyuta aliweza kuiwasha kwa diski yake na kusoma kila faili, na mfumo mkongwe una matundu yasiyozibwa tena. Lakini usomaji wa faili ulikwishapata dawa katika Lion ileile, iliyoleta FileVault inayosimba diski nzima. Kinachobaki ni hatari ya mtu kuuchezea mfumo wenyewe kwa siri, na hiyo ni hatari halisi. Ndiyo maana siioni T2 kuwa dhuluma, kwani ufunguo wake aliachiwa mwenye mali. Cheti chenye tarehe ya mwisho hakikumwachia ufunguo wowote. Kuhusu matundu, anayeihitaji mashine kwa kufungua nyaraka za kale anaweza kuichomoa kwenye mtandao, na uamuzi huo ni wake.

Apple yenyewe, mwaka 2021, iliviweka visakinishi vya Lion na Mountain Lion vipakuliwe bure. Snow Leopard haimo katika zawadi hiyo. Mfumo wa mwisho wenye Rosetta ile bado hutafutwa kwenye DVD, na mashine nyingi zilizokuja baadaye hazina hata pa kuiingizia.